Kipimo cha Kusimama

Mama yangu alikuwa fundi cherehani wa nguo za watoto, barazani kwetu, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo. Hakushona suti wala sare za harusi, na mtu akimletea suruali ya kupunguza kiuno alimwelekeza kwa fundi wa jirani kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Yeye alishona magauni ya watoto wa kike, yenye mikono ya puto na mkanda wa kufunga nyuma. Ikikaribia Idd, baraza letu lilikuwa halina pa kukanyaga.

Alikuwa na sharti lake ambalo wateja wote walilijua. Hakukubali kuletewa gauni la zamani ili atoe kipimo hapo. "Hilo linaniambia mtoto alivyokuwa," alisema. "Mimi namtaka alivyo." Basi mtoto aletwe, apandishwe juu ya kreti la soda, asimame wima, naye mama amzunguke huku futi ikining'inia shingoni na pini amezibana midomoni. Alisema maneno yaleyale kwa kila mtoto: "Simama kama unapigwa picha." Watoto walinyooka. Hata mimi nilinyooka juu ya kreti lile kila mwaka, mpaka nilipofika umri wa kuona aibu mbele ya wavulana wa mtaa.

Vichanga hakuwashonea. Aliwaachia wenye maduka. Mtoto wa mtaani kwetu alipoanza kusimama dede bila kushikwa, ndipo mama yake alipomleta barazani kupimwa gauni la kwanza, na siku hiyo ilikuwa na shangwe yake ndogo. Wanawake waliacha mchele kwenye ungo wakaja kutazama. Nilikulia katikati ya shangwe hizo, na nilipopata mimba sikuota sherehe ya harusi ya mwanangu wala mahafali yake. Nilimuota juu ya kreti.

Binti yangu hakupanda kreti lile.

Kabla sijasema kwa nini, lazima niseme kazi yangu, maana kazi hii ndiyo iliyonifanya niyajue mapema mambo ambayo ningependa kuyajua kwa kuchelewa. Ninafundisha wanafunzi wa udaktari jinsi kiumbe kinavyojengeka kabla hakijazaliwa. Chuo hakiko mbali na kwetu, unakatisha Mnazi Mmoja ukaingia Upanga kwa miguu. Nikishafundisha, nina utafiti wangu mdogo ninaoufanya kwenye mayai ya kuku. Mwanzoni mayai hayo niliyanunua sokoni, kwa muuzaji aliyeniapia kwa jina la mama yake kwamba yana jogoo. Niliyaweka kwenye mashine ya joto, nikayalea, nikayageuza, na nilipoyafungua yalikuwa ya kukaangia. Nilirudi sokoni nikamsomea muuzaji yule mpaka watu wakajaa. Tangu hapo nachukua kwa mfugaji wa Kitunda ambaye majogoo yake nimeyaona kwa macho yangu.

Ninachokitafuta ndani ya mayai ni hiki. Ndani ya uti wa mgongo mnapita ugwe, mshipa mkuu laini unaoteremsha amri za ubongo na kurudisha habari za mwili. Nyuzi za neva zilizomo humo hufunikwa kwa mielini, tabaka la mafuta lililozungushwa juu ya uzi mara nyingi, na bila tabaka hilo amri hufika imechelewa, au haifiki. Kuna seli zinazofanya kazi hiyo ya kuzungusha, zinaitwa glia, na mimi nataka kujua zinatoka wapi na zinafikaje pale zinapohitajika.

Siku za mwanzo za yai, ugwe ni mrija tu, mwembamba kuliko uzi wa mama. Chini yake kuna kamba laini ya seli. Kutoka kwenye kamba hiyo na kwenye sakafu ya mrija hutoka protini inayosambaa kwenda juu. Karibu na sakafu protini ni nyingi, ukipanda inapungua, na kila seli huamua itakuwa nini kwa kiasi kilichoifikia. Sasa, juu kidogo tu ya sakafu, kila upande, kuna ukanda mwembamba. Kwanza ukanda huo huzaa neva za mwendo, zile zinazoiamuru misuli ya mguu na bawa. Zikishatosha, ukanda uleule, palepale ulipo, huacha kazi hiyo na kuanza kuzaa seli changa za glia. Kwa kuku, hiyo ni kama siku ya sita au ya saba ya yai.

Hapo ndipo ninapopapenda. Nikikata kipande chembamba cha ugwe, nikakitia rangi na kukiweka chini ya darubini, naziona seli zile changa zimekusanyika chini karibu na sakafu. Kipande cha yai la siku chache mbele kinazionyesha njiani, zimeanza kuhama, zinapanda, zinasambaa pembeni, zinajishikilia kwenye mishipa midogo ya damu na kugawanyika zikiwa safarini. Kuna nyingine zinazozaliwa baadaye upande wa juu, lakini hizo ni chache, na nyingi zimetoka kwenye ule ukanda wa chini. Zikifika hazianzi kazi mara moja. Hunyoosha mikono myembamba na kupapasa nyuzi za neva. Iliyopata uzi hubaki ikazungusha, isiyopata hufa.

Nilipokuwa na mimba niliifuata kwa kazi yangu. Wiki zile ambazo nilitapika kila asubuhi na kuchukia harufu ya vitunguu, nilikuwa naketi kwenye darubini nikijiambia kwamba sasa na kwake zinatoka kwenye ukanda wa chini. Baadaye nikajiambia, sasa zinahama. Sikumwambia mtu, hata baba yake, ambaye anaendesha lori la Tunduma na wakati huo alikuwa barabarani. Ilikuwa furaha yangu peke yangu, na sijapata nyingine inayofanana nayo. Wanawake wengine husikiliza tumbo. Mimi nilikuwa najua kinachopita humo, mtaa kwa mtaa.

Akazaliwa njiti, kabla miezi haijatimia, masika yakiwa yameanza. Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nimefungwa kanga mbili, na wakati akina mama wenzangu wodini walikuwa wanaomba Mungu tu, mimi nilikuwa naomba Mungu na najua. Nilijua kwamba seli hizi zikiwa bado changa haziwezi kuvumilia upungufu wa hewa. Nyingine hufa, na nyingine hubaki changa, hazikui zikazungusha. Kwake madhara yalikuwa ubongoni, si kwenye ugwe, lakini njia ni moja, maana amri ya kwenda mguuni inaanzia juu. Madaktari walikuja kulisema jina lake baadaye, mtindio wa ubongo, jina ninalolichukia mpaka leo kwa sababu watu wakilisikia wanaacha kuzungumza na mtoto na kuanza kuzungumza juu yake.

Ubongo wa mwanangu haukuwa na kasoro ya maneno. Aliwahi kusema kuliko watoto wenzake, na kubisha pia. Miguu ndiyo iliyokuwa inakaza, inapishana, magoti yanagongana, na ukimsimamisha alining'inia mikononi mwako juu ya ncha za vidole. Tulikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi. Nyumbani nilimnyoosha asubuhi na jioni, naye akinitukana kwa matusi aliyoyaokota barazani. Alijifunza kukaa. Akajifunza kutambaa kwa kujivuta kwa mikono, haraka sana, sakafu nzima ya ukumbi ikang'aa kwa tumbo lake. Kusimama hakusimama.

Nitasema jambo la kijinga. Niliwaonea wivu vifaranga. Kifaranga huanguliwa sehemu kubwa ya kazi ya mielini ikiwa imeshafanyika ndani ya yai, kwa hiyo akikauka manyoya anatembea siku hiyohiyo. Mimi ndiye ninayewaeleza wanafunzi jambo hilo, tena kwa kulipenda. Lakini nikipita sokoni nikaona boksi la vifaranga wanaokimbizana, wamezaliwa jana, nilitamani kulipiga teke. Mtu mzima, mwenye shahada tatu, nikawa napita mtaa mwingine.

Turudi kwa mama. Siku ya pili baada ya mjukuu wake kuzaliwa, alikwenda kwenye duka la vitambaa la familia ya Kihindi iliyokuwa ikimuuzia tangu mimi ni mdogo, akanunua kitambaa cha pamba cha manjano chenye maua madogo meupe. Alikikunja akakiweka kwenye droo ya cherehani. Niliporuhusiwa kutoka hospitali alinionyesha. "Hiki cha mke mwenzangu," alisema, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Siku atakayosimama dede."

Idd ya kwanza ikapita, hiyo ilikuwa halali yake, mtoto alikuwa kichanga. Idd iliyofuata nayo ikapita. Watoto waliozaliwa mwaka mmoja naye walipandishwa kreti mmoja baada ya mwingine, wakapimwa, wakashangiliwa, na binti yangu alikuwa amekaa chini barazani, mgongo umeegemea ukuta, akiwapigia makofi kuliko watu wote. Alidhani ni mchezo ambao zamu yake bado. Mimi nilikuwa nikiingia ndani na kujifanya natafuta kitu.

Mwaka wa tatu sikuweza. Nilimkuta mama anakata vitambaa vya watu, nikafungua droo, nikatoa kile cha manjano na kukiweka juu ya mashine.

"Mpime huyu," nilisema. "Mlaze mkekani umpime, akavae kama wenzake."

"Simpimi," mama alisema.

"Kwa nini?"

"Simpimi hivyo."

"Basi mpime amekaa."

"Wewe nenda kazini kwako, utachelewa."

Akakikunja kitambaa akakirudisha kwenye droo, akaisukuma kwa goti. Nilivimba. Mwanamke huyu alikuwa ameshonea mtaa mzima, watoto wa watu asiowajua majina, na mjukuu wake wa damu ndiye mtoto pekee aliyemshinda. Niliona jambo moja tu, kwamba anamwonea aibu. Sikwenda kazini. Nilishuka moja kwa moja Mchikichini, nikachagua kwenye fungu la mitumba gauni la bluu lenye rinda, zuri hasa, nikarudi nikamvalisha mwanangu pale barazani mbele ya bibi yake. Mama alilitazama, akasema limeshonwa vizuri. Hakuna alichoweza kusema ambacho kingeniudhi zaidi.

Tulikaa hivyo muda mrefu, tunasalimiana, tunakula pamoja, na kitambaa kiko kwenye droo katikati yetu. Kila Idd nilipita Mchikichini. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani wakati ule, nimwone mwanangu amesimama ndani ya gauni la bibi yake, na kila nilipolitamani nilikasirika, kwa sababu hasira ni rahisi zaidi kubeba.

Alasiri moja nilirudi mapema. Mama alikuwa anatia vifungo, mtoto amelala pembeni juu ya vipande vya vitambaa. Aliniuliza, bila kuinua macho, "Hivi huko kwenye mayai yako unatafuta nini hasa?"

Hakuwahi kuuliza. Kwake kazi yangu ilikuwa utani: alikuwa akiwaambia wateja kwamba binti yake anapeleka mayai kazini kila wiki na hajawahi kurudi na keki. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, ukanda wa chini, zile zinazotangulia za mwendo, kisha hizi za kuzungusha, safari yao ya kwenda juu na pembeni. Alisikiliza huku sindano inakwenda.

"Na zikishafika," alisema, "zinajuaje zizungushe mara ngapi?"

"Inategemea uzi. Uzi mnene unazungushwa mara nyingi, mwembamba mara chache. Zinaupapasa kwanza."

"Kwa hiyo zinapima."

"Ndiyo, tuseme zinapima."

"Hazipimi kwa kukisia."

"Hapana, mama. Mpaka ziuguse uzi wenyewe."

Akakata uzi kwa meno. Akamtazama mtoto aliyelala, akamfunika miguu kwa kipande cha kitambaa ingawa kulikuwa na joto. Kisha akasema, "Ijumaa asubuhi tunaenda ufukweni. Tukamsimamishe mchangani."

Nilijua anachokisema. Ni dawa ya siku nyingi hapa pwani: mtoto aliyechelewa kutembea huchimbiwa shimo mchangani, akasimamishwa ndani yake, akafukiwa mpaka kiunoni ili miguu ipate nguvu. Nilikuwa nimeshaambiwa na majirani, mashangazi, na mwanamke mmoja nisiyemfahamu kwenye foleni ya benki. Wote niliwajibu vibaya.

"Mama," nilisema, "mchanga haufiki ubongoni."

"Sijasema unafika."

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Kumsimamisha," mama alisema. "Wewe ushawahi kumwona amesimama?"

Ijumaa tukachukua bajaji, sisi watatu.

Tulikwenda mbele kidogo ya soko la samaki la Feri, penye miti ya mivinje, ambapo moshi wa wakaanga samaki unafika lakini kelele za mnada hazifiki. Maji yalikuwa yamepwa. Binti yangu alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda harusini, alidhani tumekuja kula pweza. Mama alivua viatu, akafunga buibui kiunoni kwa fundo, akapiga magoti na kuanza kuchimba kwa bakuli la plastiki alilokuja nalo. Nilijitolea kumsaidia, akasema nimshike mtoto. Kunguru walikusanyika kuangalia kama tunazika chakula.

Shimo lilipotosha nikamteremsha mwanangu, nimemshika makwapani. Miguu ikakaza na kupishana kama kawaida yake. Mama aliinyoosha mmoja mmoja kwa subira niliyozoea kuiona kwenye hariri tu, akaitenganisha, akabandika nyayo chini, kisha akaanza kurudisha mchanga uliolowa, akiushindilia kwa viganja, kwanza nyuma ya miguu, halafu katikati, halafu mbele, mpaka ukafika kiunoni.

"Mwachie," alisema.

Nikalegeza mikono lakini sikuiondoa.

"Mwachie, mwanangu. Haanguki."

Nikamwachia, nikarudi nyuma. Akabaki wima.

Nilikuwa namjua mwanangu begani, mgongoni, mapajani, mkekani. Nilikuwa namjua kila kovu na kila unywele. Sikujua kwamba ana shingo ndefu ya baba yake. Sikujua kwamba bega lake la kushoto linashuka kidogo, wala kwamba akiwa amesimama mikono yake huning'inia imetulia, ile mikono ambayo siku zote ilikuwa inafanya kazi ya miguu. Aligeuza kichwa huku na huku. Alikuwa anaangalia mbali, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akiangalia kitu bila kuinua uso. Nililia waziwazi, mbele ya wakaanga samaki, na sikujali.

Mama hakulia. Alikuwa kazini. Alianza kuuondoa mchanga upande wa mbele tu, kidogo kidogo, kwa vidole, akiuacha wa nyuma umeshikilia, mpaka mapaja yakaonekana, kisha magoti. Hapo akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akaingiza mkono ndani ya buibui na kutoa futi.

"Simama kama unapigwa picha," alimwambia.

Na mwanangu, ambaye alikuwa ameyasikia maneno hayo mamia ya mara akiwa amekaa chini barazani, alinyooka. Mama akampima bega kwa bega. Akapima kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwishoni akaweka ncha ya futi juu ya bega na kuiteremsha mpaka gotini, akaitazama mara mbili. Kila kipimo alinitajia ili nikishike kichwani, na mimi nikawa navirudia kama mwanafunzi wa madrasa. Mtoto alipochoka tukamchimbua. Alikwenda zake kwa tumbo kuwafukuza kunguru, mchanga unaruka.

"Miaka mitatu," nilimwambia mama. "Idd tatu unaninyima gauni la mwanangu."

Alikuwa anakunja futi. Aliizungusha kwenye vidole mpaka ikaisha, akaangalia kwanza mtoto yuko umbali gani.

"Mtu anayepimwa amelala ni maiti," alisema. "Nimewasaidia waosha tangu sijaolewa, nimewapimia sanda watu wengi, wengine wadogo kuliko huyu. Mkono wangu umezoea. Nikimlaza mke mwenzangu mkekani nikamwekea futi, mkono utadhani ni hivyo. Siwezi."

"Ungeniambia."

"Neno hilo ningekwambiaje, na mtoto umempakata?"

Ningependa kuandika kwamba nilimwelewa papo hapo. Nilimwelewa, na bado nilikasirika, na hata leo nikikumbuka miaka ile mitatu kuna siku namlaumu. Sentensi moja ingetosha. Lakini mama alikuwa mtu wa kupima kwanza, na neno lile lilikuwa halijapata wa kulivaa.

Gauni lilikuwa tayari Idd hiyo. Manjano, maua meupe, mikono ya puto. Nilimvalisha mwanangu, nikamshika makwapani na kumsimamisha juu ya kreti la soda, miguu ikining'inia kama kawaida. Wanawake wa mtaa wakaacha walichokuwa wanafanya. Rinda lilianguka sawasawa, likakoma magotini, wala halikupanda nyuma kama yanavyopanda yale ya kukisia. Mtu aliyekuwa anapita asingejua nani anamshikilia nani. Mama alizunguka mara moja, akanyoosha mkanda, akarudi kwenye mashine yake. Ndani ya pindo alikuwa ameacha kitambaa kingi kupita alivyowahi kuwaachia watoto wa wateja, ili literemshwe.

Nimeliteremsha. Nililiteremsha mwaka uliofuata, na mwingine. Katikati ya hapo mama aliugua kwa muda mfupi akafariki, na waosha walipokuja waliniuliza kama kuna futi ndani ya nyumba. Niliwapa ile yake. Sikuingia chumbani wakati wanaitumia. Nilikaa barazani na mwanangu mapajani, na alipouliza wanafanya nini humo ndani nilimwambia wanamshonea bibi.

Cherehani iko kwangu sasa, chini ya dirisha. Binti yangu anasoma, anakwenda shuleni kwa kigari cha kushikilia chenye magurudumu na mkanda wa kumbeba uzito, ambacho amekibandika stika zote alizozipata. Hajatembea mwenyewe na sijui kama atatembea. Seli zile zinaendelea kuzungusha miaka mingi baada ya mtu kuzaliwa, hilo nawafundisha wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka sauti yangu inabadilika kidogo ninapofika hapo. Nalitamani hilo la kutembea hata leo, sijaacha. Nikisikia miguu ya mtoto wa jirani inakimbia ukumbini, bado nainua kichwa.

Mwezi uliopita nilimjaribisha lile gauni la manjano na halikupita mabegani. Pindo limekwisha. Nikasema nitampeleka kwa fundi, yeye akasema nishone mimi, mashine si ipo. Mimi ambaye sijui hata kutia uzi kwenye bobini. Nikatoa kwenye droo futi ya mama, ambayo waosha waliirudisha, kumaliza udhia, nikachuchumaa mbele ya kiti alichokaa ili nimpime hapohapo.

"Mama, hapana," alisema. "Bibi hapimi hivyo."

Alivuta kigari pembeni. Akashika ukingo wa meza ya cherehani kwa mikono yote miwili, akajivuta, magoti yakagongana, akayatenganisha kwa kuyaambia kitu ambacho sikukisikia. Nilinyoosha mikono kumdaka, akanitikisia kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimekaza juu ya mbao na mwili mzima ulikuwa unatetemeka, lakini uso aliuelekeza dirishani, wima, kama anapigwa picha.

"Nimesimama," alisema. "Pima haraka."

Nikaweka ncha ya futi juu ya bega lake, lile linaloshuka kidogo, nikaiteremsha taratibu kwa sababu sikuona vizuri. Nilipofika gotini alikuwa bado amesimama.